Kitabu cha Picha Kuhusu Kupigania Usawa: Namna ya Kukitengeneza Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Kwa muda sasa wazazi na walimu wamekuwa wakinionyesha vitabu vya picha walivyowatengenezea watoto kuhusu Rosa Parks na Martin Luther King, waliopigania haki za Watu Weusi Marekani. Wengine wako Tanzania na Kenya. Wengine wanaishi Marekani, ambako kila Januari na Februari mtoto hurudi kutoka shule na jina la King mdomoni, na mzazi anatamani kumsimulia kwa Kiswahili.

Ni kazi za upendo, lakini karibu zote zinakwama palepale. Mama mmoja alichoka, akakataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi, mhubiri mmoja akatoa hotuba, ubaguzi ukaisha. Mtoto anafunga kitabu akiamini kwamba haki huletwa na mtu mmoja mwema, kwa siku moja. Huko ni kumwongopea, hata kama hatukukusudia.

Kwa hiyo nimeandika mwongozo wa kitabu kimoja tu, tangu karatasi tupu hadi uzi wa mwisho. Kina kurasa 24, kinamfaa mtoto wa miaka 5 hadi 9, na kinahusu mgomo wa mabasi wa Montgomery, jimbo la Alabama huko Marekani, yaani abiria Weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowabagua. Ukishakijua hiki, kingine utakitengeneza mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi 6 za A4, nene kidogo kuliko za fotokopi. Manila nyembamba iliyokatwa kwa ukubwa wa A4 inafaa sana.
- Manila moja ngumu ya A4 kwa ajili ya jalada.
- Penseli, ufutio, rula na mkasi.
- Kalamu ya wino mweusi usiochujuka kwa maji.
- Penseli za rangi. Kalamu za majimaji ziache, wino wake hupenya upande wa pili.
- Sindano ya shazia, au yoyote nene, na uzi imara wa sentimita 70 hivi.
- Daftari la zamani la kuandikia rasimu.
- Mtoto mmoja wa kujaribia. Si lazima awe wako.

Tenga jioni tano au sita. Anayetaka kumaliza kwa usiku mmoja huishia kuchora basi moja mara kumi na moja.

## Hatua ya 1: Chagua tukio, usichague maisha ya mtu

Kosa la kwanza ni kuanza na "Rosa Parks alizaliwa tarehe 4 Februari 1913". Maisha mazima hayaingii kwenye kurasa 24. Ukiyalazimisha yanageuka orodha ya tarehe, na mtoto wa miaka sita hana la kufanya na orodha ya tarehe.

Tukio lina mwanzo, kizuizi na mwisho. La Montgomery lilianza Desemba 1955 na kumalizika Desemba 1956, siku 381. Lina basi, kitu ambacho kila mtoto anayepanda daladala au matatu anakijua. Lina watu wengi. Tena lina jambo ambalo mtoto anaweza kulifanya kwa miguu yake mwenyewe: kutembea.

Umefanikiwa ukiweza kulisema tukio kwa sentensi moja isiyo na jina la mtu: "Watu wa mji mmoja walikataa kupanda mabasi mpaka sheria mbaya ilipoondolewa." Ukishindwa kuisema bila jina, bado umeshika wasifu.

## Hatua ya 2: Hakikisha mambo kabla ya kuchora

Hapa kaa sana. Picha ikishapakwa rangi hutakuwa na moyo wa kuifuta.

Utaratibu wa basi. Viti kumi vya mbele vilikuwa vya Wazungu. Abiria Mweusi alilipa nauli kwa dereva mbele, akashuka, akazunguka kupandia mlango wa nyuma. Pengine dereva aliondoa gari kabla hajaufikia. Mchoree mtoto hilo la kushuka na kuzunguka. Ataelewa dhuluma bila wewe kuandika neno "dhuluma" hata mara moja.

Bi Rosa hakuwa bibi kizee. Alikuwa na miaka 42. Alikuwa fundi wa kushona nguo katika duka kubwa, na kwa miaka mingi alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Watu Weusi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwili wake siku ile haukuchoka kuliko siku nyingine za kazi. Alichoka kukubali kuonewa. Ukimchora mkongojo na mvi, umemnyang'anya uamuzi wake.

Alitanguliwa na msichana. Tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla, mwanafunzi wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kuinuka katika basi la mji huohuo, akakamatwa. Vitabu vingi nilivyoonyeshwa havimtaji. Mtoto wako anastahili kumjua, maana katika kisa hiki Claudette ndiye aliye karibu naye kwa umri.

Tahadhari ya picha mbili maarufu. Wengi huiga picha ya Bi Rosa ameketi dirishani, nyuma yake mwanamume Mzungu. Ile ilipigwa Desemba 1956, mgomo ulipokwisha, na yule mwanamume alikuwa mwandishi wa habari. Wengine huiga picha aliyopigwa na polisi, yenye namba 7053. Ile ni ya Februari 1956, alipokamatwa tena pamoja na viongozi wengine wa mgomo. Zitumie ukipenda, ila usiziweke kwenye tarehe 1 Desemba 1955.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye majina, tarehe na mahali, na kila mstari unaweza kuutetea mbele ya mtu mzima anayejua.

## Hatua ya 3: Kunja karatasi na uandike namba kabla ya chochote

Weka karatasi sita moja juu ya nyingine, zilale kwa upana, uzikunje pamoja katikati. Umepata kijitabu cha kurasa 24 za A5. Andika namba 1 hadi 24 kwa penseli hafifu kwenye kona, kisha ndipo uzitenganishe.

Sababu ni hii: ukishazitenganisha, ukurasa wa 2 na wa 3 hauko kwenye karatasi moja. Ukurasa wa 2 umeungana na wa 23, na wa 3 umeungana na wa 22. Kumbuka kanuni moja: kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha, lazima upate 25. Usipopata, umepotea.

Kurasa 12 na 13 pekee ndizo zinazotazamana na papo hapo ziko kwenye karatasi moja. Hapo ndipo pa kuweka picha yako kubwa kuliko zote, kwa sababu haitakatwa na mshono. Kwingineko kote chora picha mbili zinazoshirikiana, si picha moja inayovuka.

Acha sentimita 2 tupu pembeni kote. Karatasi za ndani hutokeza kidogo zikikunjwa, na utazipunguza mwishoni.

## Hatua ya 4: Chora ramani ya kitabu

Kwenye daftari chora visanduku vidogo, kimoja kwa kila kurasa mbili zinazotazamana. Nitaziita kurasa pacha. Ziko jozi kumi na moja, ukiacha ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Huu ni mpangilio ninaoutumia:

1. (1) Jina la kitabu.
2. (2–3) Mtu Mweusi analipa mbele, anashuka, anazunguka. Basi linaondoka.
3. (4–5) Claudette na madaftari yake.
4. (6–7) Desemba 1, 1955. Abiria wanne Weusi wa safu moja wanaambiwa waondoke ili Mzungu mmoja akae. Watatu wanainuka. Bi Rosa anasogea dirishani.
5. (8–9) Polisi wanampeleka.
6. (10–11) Usiku. Mwalimu Jo Ann Robinson anarudufu vipeperushi kwa maelfu.
7. (12–13) Jumatatu, Desemba 5. Mji unatembea.
8. (14–15) Jioni, kanisa la Holt Street. Mhubiri wa miaka 26, Martin Luther King, anazungumza.
9. (16–17) Magari ya kubebana, na jiko la Georgia Gilmore.
10. (18–19) Usiku wa Januari 30, 1956, nyumba ya King inalipuliwa kwa bomu.
11. (20–21) Mahakamani.
12. (22–23) Desemba 21, 1956. Watu wanapanda mabasi na kukaa wanapotaka.
13. (24) Tarehe na majina, kwa mtu mzima anayesoma.

Angalia King ameingia wapi: ukurasa wa 14. Wengi hushtuka, wanataka awe kwenye jalada. Lakini watu walikwisha kutembea asubuhi nzima ndipo yeye akasimama kuzungumza jioni. Ukimweka mwanzo, mtoto atadhani watu walitembea kwa sababu waliamriwa.

Angalia pia jiko. Georgia Gilmore alikuwa mpishi. Yeye na akina mama wenzake walipika vyakula na keki, wakauza, fedha zikanunua mafuta ya magari yaliyobeba watu. Mtoto anayemwona mama yake akikaanga maandazi ya kuuza atamtambua huyu mara moja. Mimi hupenda ukurasa huu kuliko wa hotuba, na sijaona mtoto aliyeupita haraka.

Mahakamani nako usimchore Bi Rosa. Kesi iliyoondoa sheria ile ililetwa na wanawake wengine wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin yule wa ukurasa wa 4. Mtoto akimwona Claudette anarudi, kwa koti lilelile ulilomvika mwanzoni, atapiga kelele ya furaha. Kwa hiyo mvishe koti la rangi isiyosahaulika.

Umefanikiwa ukimwonyesha mtu visanduku bila maneno naye akakusimulia kisa, walau kwa kubahatisha.

## Hatua ya 5: Andika maneno machache

Kurasa pacha moja zisizidi maneno 30. Kitabu kizima kisizidi 350. Najua inauma.

Usianze na "Hapo zamani za kale", wala "Paukwa, pakawa". Hayo ni ya Sungura na Fisi. Mtoto akisikia mlango huo anajua anaingia kwenye ngano. Anza hivi: "Mwaka 1955, katika mji wa Montgomery, mtu Mweusi alilipa nauli mbele, akashuka, akapandia nyuma."

Tumia neno kususa. Hili Kiswahili kimetupa bure. Mtoto anajua kususa: kususa uji, kususa mchezo. Mtoto akisusa uji peke yake, njaa ni yake. Mji mzima ukisusa mabasi, njaa inahamia kwa mwenye mabasi. Ukiliandika hivyo hutahitaji kueleza mgomo ni nini.

Weka kiitikio. Watoto wetu wamelelewa na hadithi zinazojibiwa. Chagua mstari mmoja urudi mara nne au tano, kama "Na mabasi yakapita matupu." Kwenye ukurasa wa 22 ubadilishe: "Na mabasi yakajaa." Aliyekuwa akiitikia atasikia mabadiliko kwa kinywa chake mwenyewe.

Muite Bi Rosa. Kusini mwa Marekani wakati ule Wazungu wengi walimwita mtu mzima Mweusi kwa jina lake tupu, au "kijana", hata kama ana wajukuu. Hakupewa Bwana wala Bibi. Sisi lugha yetu haikubali mtu mzima aitwe hivyo na mtoto. Kwa hiyo andika Bi Rosa, Bi Claudette akishakua, Mwalimu Jo Ann, Bwana King. Huo si urembo wa lugha. Ni kitu walichonyimwa.

Mfano wa kurasa 6–7:

"Dereva akasema: Inukeni.
Mmoja akainuka. Wa pili akainuka. Wa tatu akainuka.
Bi Rosa akasogea dirishani, akakaa."

Maneno 16. Sikuandika "kwa ujasiri mkubwa". Ujasiri uko kwenye picha, na mtoto akiugundua mwenyewe unakuwa wake.

Tahadhari: usimtungie Bi Rosa maneno marefu. Ukitaka kumpa mtoto msemaji wa kubuni, kwa mfano msichana anayetembea na mama yake, asipewe jina la mtu halisi, na useme kwenye ukurasa wa 24 kwamba yeye umembuni.

## Hatua ya 6: Chora

Anza na kurasa 12–13, ungali na nguvu. Chora barabara ndefu, watu wa kila aina: mfanyakazi wa ndani na kikapu, mzee na fimbo, wanafunzi, mwanamume na kisanduku cha chakula. Nyuma yao basi tupu, dereva peke yake. Hapa usiandike zaidi ya kiitikio.

Rangi ya ngozi. Penseli moja ya kahawia kwa kila mtu hufanya umati uonekane wa plastiki. Paka kahawia hafifu, kisha juu yake chungwa kwa mmoja, zambarau kwa mwingine, nyeusi kidogo kwa wa tatu. Watazame watu wa nyumbani kwako.

Dereva asiwe zimwi. Ukimchorea meno marefu, mtoto atafikiri ubaguzi ni tabia ya watu wenye sura mbaya. Mchore mtu wa kawaida mwenye sare safi. Kilichomwezesha kilikuwa sheria. Basi ichore sheria, yaani kibao kinachotenga viti, na kionekane kwenye kila picha ya basi hadi ukurasa wa 22, ambapo hakipo. Usikieleze. Mtoto atakitafuta.

Ukurasa wa bomu. Usiuruke, wala usiujaze moto. Hakuna aliyeumia usiku ule, ingawa mke wa King na mtoto wao mchanga walikuwa ndani. Chora kibaraza kilichovunjika na majirani waliokuja na taa. Kwa mtoto wa miaka mitano inatosha: kulikuwa na hatari, na watu walikuja.

Umefanikiwa ukifunika maandishi kwa kiganja na picha bado ina jambo la kusema ambalo maandishi hayakulisema. Kama picha inarudia neno kwa neno, futa maneno, usifute picha.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kutia wino

Mkalishe mtoto, msomee kwa sauti kutoka rasimu ya penseli. Mahali ulimi wako ulipojikwaa, andika upya. Mahali alipotazama pembeni, punguza.

Kisha muulize mambo matatu tu. Watu walitaka nini? Nani alisaidia? Nini kilibadilika?

Akijibu swali la pili kwa jina moja, kitabu bado hakijaiva. Rudi kurasa 10–11 na 16–17 uzipe nguvu. Akikutajia mpishi, mwalimu, wenye magari na "wale wanaotembea", chukua kalamu ya wino.

## Hatua ya 8: Shona

Panga karatasi kwa namba, jalada nje. Fungua katikati, kurasa 12–13. Kwenye mkunjo toboa matundu matatu: katikati kabisa, na mengine sentimita 6 juu na chini yake.

1. Ukiwa ndani, pitisha sindano tundu la katikati itokee nje. Acha mkia wa sentimita 10 ndani.
2. Ingia ndani kwa tundu la juu.
3. Ruka la katikati, toka nje kwa tundu la chini.
4. Rudi ndani kwa tundu la katikati.
5. Hakikisha mikia miwili iko pande mbili za ule uzi mrefu, kisha funga fundo juu yake.

Vuta uzi kwa kuufuata mkunjo, usiuvute kwenda juu, karatasi itachanika. Mwisho weka rula pembeni upunguze kingo zilizotokeza.

Ukitaka nakala za darasa, piga fotokopi kabla ya kushona, pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande wake mfupi. Ukigeuza kwa upande mrefu nusu ya kitabu itakuwa miguu juu.

## Hatua ya 9: Soma, na ujiandae kuulizwa

Soma mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili mwachie mtoto kiitikio. Mara ya tatu mwache akusomee yeye, hata kama hajui kusoma, atazisoma picha.

Maswali yatakuja, na ni matatu au manne yaleyale.

*"Hiyo ilikuwa Marekani, sisi je?"* Mwambie mwaka huohuo wa 1955, hapa kwetu Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed aliongoza tawi la wanawake la TANU, akiwaita akina mama wa vikundi vya ngoma wajiunge kudai nchi yao. Hicho kitakuwa kitabu chenu cha pili, kwa karatasi sita zilezile. Kama unaishi kwingine, tafuta wa kwenu.

*"Wale watatu walioinuka walikuwa waoga?"* Hapana. Walikuwa na sababu ya kuogopa, na siku chache baadaye huenda nao walisusa. Mtazameni pamoja kila mtu kwenye kurasa 12–13 mchague nani anaweza kuwa wao.

*"Wazungu wote walikuwa wabaya?"* Mwonyeshe tena kibao cha sheria, muulize kilimfanyia nini kila aliyeko ndani ya basi. Usikimbilie kumjibu wewe.

*"Yule dereva aliadhibiwa?"* Hili ndilo linalowashinda wazazi wengi, wanataka kusema ndiyo ili mtoto alale vizuri. Hakuadhibiwa. Aliendelea kuendesha mabasi kwa miaka mingi. Aliyetozwa faini ni Bi Rosa: dola 10, na dola 4 za gharama za mahakama. Mwambie hivyohivyo, kisha nyamaza, mwache afungue ukurasa wa 22 mwenyewe atafute kama kibao bado kipo.